Anza na Kofia, Kamera Itafuata: Mwongozo wa Vifaa vya Kupiga Picha Ukiruka na Parachuti

Swali huja kwa WhatsApp, mara nyingi usiku: "Kaka, nataka kuanza kupiga picha watu wanaoruka na parachuti, nichukue kamera gani?" Anayeuliza huwa ni mpiga picha mwenzangu wa harusi na kipaimara hapa Mwanza, ana jicho zuri na mkono mtulivu, na tayari ameona GoPro ya mtumba mahali fulani Makoroboi. Namjibu kwa swali: umesharuka mara ngapi? Tiki mbili zinageuka bluu, kisha kimya.

Simlaumu. Nami nilianza kichwa chini miguu juu: nilikuwa na kamera nzuri kabla sijajua kukunja mwavuli wangu mwenyewe. Mafunzo niliyafuata Diani, Kenya, safari ya mabasi na kivuko cha Likoni, na begi la kamera nililolikumbatia njia nzima nilirudi nalo bila kulifungua hata mara moja. Mwalimu alinikataza. Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa ndio ambao ningependa mtu anipe siku ile, nao unaanza mbali kidogo na duka la kamera.

Hatua ya 1: Hesabu miruko yako

Chama cha waruka parachuti cha Marekani, USPA, kinapendekeza uwe na leseni ya C, yaani miruko isiyopungua 200, kabla ya kuvaa kamera ya aina yoyote. Waingereza nao wameshika 200 hiyohiyo. Kama unataka kupiga tandemu, yule abiria aliyefungwa kifuani kwa mwalimu, mapendekezo ya USPA yanapanda: miruko 300 ya kuanguka pamoja na wenzako, na angalau 50 ya kupiga waruka wazoefu kwanza.

Vijana huniambia GoPro ni ndogo kama kiberiti, itamdhuru nani? Udogo wake hausaidii kitu. Ukivaa kamera, akili inagawanyika: nusu iko kwenye picha, nusu kwenye altimita, yaani kipimo cha urefu ulipo angani, na mshika mawili moja humponyoka. Mwaka 1988 huko North Carolina, Marekani, mpiga picha mwenye miruko zaidi ya 800 alitoka ndegeni kumpiga mwanafunzi na mwalimu wake. Kamera ilikuwa kichwani, vifaa vya kurekodia mwilini. Parachuti aliisahau chini. Mkanda uliendelea kurekodi. Mtu wa miruko 800 hakuwa mzembe wala mgeni wa kazi. Uzito wa vifaa vya kamera mgongoni ulitosha kumdanganya kwamba amevaa kila kitu.

Hatua ya 2: Nunua kofia

Kofia ndiyo inayobeba kazi yote, na bei ya kofia nzuri ya kamera inakaribia au kuzidi ya GoPro mpya. Majina utakayokutana nayo ni Cookie, Tonfly, Bonehead na 2K Composites. Kuna zinazofunika uso mzima, ambazo ni nzuri kwa kamera ndogo tu, na kuna zilizo wazi usoni zenye utosi bapa, zilizotengenezwa kubeba kamera kubwa. Ukijua utapiga picha za mnato pia, nenda moja kwa moja kwenye utosi bapa. Kununua mara mbili ni ghali zaidi.

Kipimo: ivae, kaza mkanda, kisha mwambie mtu aishike na kuizungusha kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja na kofia. Kofia ikisogea yenyewe, picha zitatikisika hata ununue kamera ya bei gani. Helmeti ya bodaboda haifai, hata ukiipamba. Ina nafasi ndani, ni nzito, na haina kile ninachokuja kukisema sasa hivi.

Kinachohitajika ni mkanda wa kidevu unaofunguka kwa mvuto mmoja, wenye kishikio unachokifikia kwa mkono wowote bila kuangalia. Kamba ya mwavuli ikinasa kwenye kamera na ukashindwa kuitoa, unaivua kofia nzima na kuiacha ianguke. Ndiyo, na kamera yako pia. Usipokuwa tayari moyoni kuitupa kamera hiyo, usiruke nayo. Nunua ya bei ndogo zaidi. Kishikio hicho kijaribiwe ukiwa chini, ukiwa na glavu, mpaka mkono uende wenyewe.

Kuhusu kunasa, kipimo bora nilifundishwa na mzee mmoja wa Mwaloni, Kirumba, ambaye hajawahi hata kupanda ndege. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mtumbwi nikirekebisha kofia, yeye akishona wavu wa dagaa. Akaniuliza hilo dude la nini. Nikamweleza kwamba nyuzi za mwavuli zisinase. Akalichukua, akalitupia kipande cha wavu juu, akavuta taratibu kuelekea kwake. Wavu ukateleza juu ya kofia, ukapita kamera, ukasimama. "Hapo kwenye skrubu, mwanangu," akasema, "hata dagaa mmoja hatoki hapo." Nikasema ahsante mzee, nikainama kutazama: ilikuwa ile skrubu ndefu yenye kichwa cha plastiki inayokuja na GoPro, imechomoza kama kidole gumba.

Tangu siku ile kila kofia naipitisha kwenye kipande cha wavu au uzi wa nailoni, kutoka mbele, nyuma na pande zote mbili. Palipokamata, pazibwe. Toa skrubu ndefu uweke fupi yenye kichwa kilichozama. Tumia kitako cha kamera cha chini kabisa kinachokaa karibu na gamba la kofia. Mianya kati ya kamera na kofia ijaze kwa sponji ngumu, juu yake bandika selotepu ya kitambaa, ile nyeusi nzito. Vile vitako vya gundi peke yake siviamini kwenye joto letu. Navitoboa na kuvikaza kwa skrubu na nati kwa ndani, kisha nafunika nati kwa sponji isije ikagusa fuvu.

Hatua ya 3: Pima uzito kabla ya kuchagua kamera

Ukianguka tumbo likiangalia chini, kasi yako ni kama kilomita 190 kwa saa. Mwavuli ukifunguka, kasi hiyo inakatwa ndani ya sekunde chache, na kwenye mfunguko wa kawaida kila kitu mwilini kinakuwa na uzito mara 3 au 4. Kofia na kamera za kilo 1.5 zinageuka kilo 6 juu ya shingo, zaidi ya dumu la lita 5 la maji. Mfunguko mbaya unazidi hapo sana.

Mwisho wangu ni kilo moja na nusu, kofia ikiwemo. Weka mzigo juu ya utosi, uti wa mgongo uubebe wima. Kamera nzito pembeni huivuta shingo upande wakati wa mfunguko, na daktari wa mifupa utamjua kwa jina. Ukiweka kamera ndogo pembeni, iwe ndogo kweli. Na wakati wa kufungua, kichwa wima, macho kwenye upeo. Usiinue uso kutazama mwavuli mpaka umeshafunguka.

Mwavuli wenyewe nao ni kifaa cha kamera. Wapiga picha wengi hupenda inayofunguka polepole. Spectre ya Performance Designs ina sifa hiyo kwa miaka mingi. Ukunjaji wa pupa huharibu hata huo. Tena USPA wanashauri uwe umeruka angalau mara 50 na parachuti hiyohiyo kabla ya kuongeza kamera.

Hatua ya 4: Kamera ya video

Hapa hapana maneno mengi. Kamera ndogo ya michezo yenye utulizaji mzuri wa mtikisiko inatosha, na GoPro kuanzia HERO9 kwenda juu itakupa zaidi ya unavyohitaji. Piga 4K kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde, ili uweze kupunguza mwendo baadaye. Chagua mwonekano ulionyooka, si ule mpana kupita kiasi. Huo mpana unalikunja Ziwa Victoria kama sinia la pilau, na wateja wa Mwanza wanalijua ziwa lao.

Memori kadi iwe na alama ya kasi ya V30. Hesabu yake ni hii: megabiti 100 kwa sekunde ni kama megabaiti 750 kwa dakika. Ukirekodi dakika 15, tangu kupanda ndege mpaka kutua, ni gigabaiti 11 hivi. Kadi ya 64 inabeba miruko mitano kwa raha. Usinunue kadi ya bei ya kutupa barabarani. Ikifeli, abiria yule harudi angani bure kwa ajili yako.

Hatua ya 5: Kamera ya picha za mnato na lenzi yake

Hapa ndipo wenzangu wa harusi hukosea kwa mazoea. Wanataka ile kamera kubwa yenye lenzi ya 24-70. Angani kubwa ni adui. Chukua kamera isiyo na kioo cha ndani, yenye sensa ya ukubwa wa kati. Sony A6000 ya mwaka 2014 ina gramu 344 pamoja na betri, megapikseli 24, inapiga picha 11 kwa sekunde, na mitumba yake bado inafanya kazi nzuri. A6400 ina gramu 403. Sihitaji zaidi.

Lenzi iwe pana na nyepesi. Tuseme umekaa mita 3 kutoka kwa mwalimu na abiria wake: lenzi ya milimita 16 kwenye sensa hiyo inaona upana wa mita 4.4 hivi, kwa hiyo wawili hao na mikono yao iliyotanda wanaingia na hewa kidogo pembeni. Ya milimita 12 inaona karibu mita 6. Ni nzuri kwa anayeanza maana inasamehe makosa ya kulenga, ila itakulazimisha usogee karibu zaidi. Mimi naanza watu na 16.

Fokasi iwe ya mkono. Kamera ikiachiwa ijitafutie yenyewe itashika wingu, au kisiwa cha Saanane kule chini. Kwa lenzi ya milimita 16 kwenye tundu la f/8, ukiweka fokasi mita 1.6, kila kitu kuanzia sentimita 80 mpaka upeo wa macho kinakuwa safi. Ukishaiweka, bandika selotepu juu ya pete ya lenzi isizunguke. Hili nalisema kwa uchungu: siku moja pete yangu ilisogea wakati navaa kofia ndani ya ndege, nikarudi chini na picha 84 za watu wawili wenye furaha, wote ukungu. Pesa ya mteja nilirudisha.

Mwanga: kasi ya kufunga 1/1000 au zaidi, f/8 au f/5.6, ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ijiendeshe yenyewe lakini isivuke 800. Anga jeupe nyuma huidanganya kamera, sura zinatoka nyeusi. Ongeza mwanga kwa +0.7. Jua letu la karibu na ikweta saa sita mchana linakaa utosini, na mtu anayeanguka uso wake unatazama chini, kwa hiyo uko kivulini kabisa. Picha bora ni za saa mbili mpaka saa nne asubuhi, jua likiwa nyuma yako wewe na mbele yake yeye.

Hatua ya 6: Swichi ya mdomoni na kioo cha kulengea

Mikono ina kazi ya kuruka, kwa hiyo kamera hupigwa kwa meno au ulimi. Swichi ni kidude kidogo cha mpira kwenye waya. Unang'ata, kamera inapiga. Kabla ya kununua hakikisha ncha ya waya inalingana na tundu la kamera yako, kwa sababu ya Sony na ya Canon hazifanani. Pitisha waya ndani ya kofia, usiache kitanzi nje. Nunua mbili. Mate na kutu huimaliza moja bila taarifa.

Kioo cha kulengea ni duara dogo lenye miviringo, linalokaa mbele ya jicho kukuonyesha kamera inaangalia wapi. Kwa kamera ya video yenye mwonekano mpana unaweza kuishi bila hicho. Kwa picha za mnato sikushauri. Kukirekebisha si kazi. Mimi nakwenda ufukweni asubuhi, navaa kofia, nasimama wima na kuweka kitovu cha miviringo kwenye ncha ya Jiwe la Bismarck, napiga, naangalia. Jiwe likiwa limekaa kushoto kwenye picha, nasogeza kioo, napiga tena. Likishakaa katikati, namwomba mtu asimame hatua nne mbele yangu, nathibitisha kwa yeye, nakaza skrubu. Wapita njia watakushangaa. Wazoee.

Hatua ya 7: Suti yenye mabawa

Ni koti au suti yenye kitambaa kati ya mkono na kiuno. Ukitanda mikono unapunguza kasi, ukiibana unaongeza, hivyo unabaki usawa mmoja na unaowapiga. Fundi cherehani wako anaweza kurekebisha urefu wa mikono, lakini bawa asilishone kwa kukisia: likikaa vibaya linafunika kishikio cha mwavuli au cha kukata mwavuli mkuu ukiharibika. Ruka nayo mara kadhaa bila kamera kwanza, ukiwa umefanya mazoezi ya kufikia vishikio vyote. Usikae juu ya tandemu wala chini yao. Juu yao hewa imevurugika na utawaangukia. Wakifungua mwavuli ukiwa juu, utakuta mwavuli wao njiani.

Hatua ya 8: Mambo ya huku kwetu ziwani

Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya bahari. Mruko wa kawaida wa futi 13,000 kutoka ardhini, ukiufanyia hapa, unakufikisha mita 5,100 hivi juu ya bahari, juu kuliko kilele cha Meru. Kwa kanuni za Marekani hapo watu wote ndegeni wanahitaji oksijeni. Mpango wenye akili kwa huku ni futi 10,000 juu ya ardhi. Mpaka kufungua una kama nusu dakika tu. Ndiyo maana kamera ya video huwashwa kabla mlango haujafunguliwa, na hakuna cha kurekebisha njiani.

Altimita isome sifuri pale mtakapotua. Kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, kama CYPRES au Vigil, hujipima kwa ardhi mnayoondokea. Kama mnaondokea uwanjani na kutua kwenye kilima, kirekebishwe kwa maelekezo ya mtengenezaji. Na kuruka karibu na uwanja huo ni mazungumzo na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla ya kitu kingine chochote.

Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Chini nyuzi 28, juu mlangoni nyuzi 8 hivi, na betri haipendi hivyo. Weka ya akiba mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukishuka, lenzi ya baridi inakutana na unyevu wa ziwa na kupata ukungu hapohapo, wakati abiria anatua akilia kwa furaha. Kitambaa laini kiwe mfuko wa mkono wa kulia, siku zote huohuo. Usiku kamera ilale kwenye boksi lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Halafu kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wa tanuri. Ukipita ndani yao lenzi inapakwa rojo. Mimi naacha kifuniko cha lenzi mpaka ndege imeshapanda, nakifunga kwa uzi mwekundu ili nisikisahau. Na boya la kujaza hewa ni lazima ukiwa karibu na maji haya. Ukivaa boya, angalia kofia: maji yakiingia kwenye kofia nzito, ile kamba ya kidevu inayofunguka haraka inakuwa na kazi ya pili.

Hatua ya 9: Mazoezi ya chini na ukaguzi

Kabla ya kumpiga mteja yeyote, vaa kila kitu nyumbani, kaa saa nzima ukifua au ukiangalia mpira, ujue shingo inasemaje. Miruko ya kwanza na kamera iwe bila mpango wa picha. Washa, sahau, ruka, tua.

Siku ya kazi nakagua mara tatu: chini, nikipanda ndege, na dakika mbili kabla ya mlango. Mpangilio haubadiliki. Mikanda ya mguu na kifua, vishikio, pini ya mwavuli ambayo naomba mwenzangu aitazame, altimita, kidevu. Hapo tu ndipo mkono unagusa kamera: kifuniko nje, selotepu ya fokasi mahali pake, taa nyekundu inawaka, ng'ata mara moja usikie mlio.

Mkishatua, kadi ndiyo inayotoka kwanza kwenye kamera, kabla ya soda. Nakili sehemu mbili, kompyuta na diski ya nje. Kadi iliyojaa inaingia mfuko wa kushoto ikiwa imegeuzwa uso chini, iliyo tupu inakaa mfuko wa kulia, na hakuna kinachofutwa mpaka abiria ameiona video yake na kuipokea kwenye simu.